Kinu cha Wazi na Kinu cha Stara

Wasichana wa dukani waliponiaga walinipa saa ya ukutani, keki yenye jina la bibi harusi nisiyemjua (mwokaji alichanganya maboksi), na ombi moja. Walitaka nikae niandike mambo ya zamani, ili kila anayeingia kazini ayasome kabla hajashika kamera. Saa nimeitundika, keki tumeila, na ombi ndilo hili. Natanguliza onyo kwamba sitaandika habari za kupandishwa cheo, kwa kuwa duka lilikuwa langu na cheo kilikuwa kimoja. Nitaandika kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga video za kupamba. Kwa msomaji aliyetoka mbali, kupamba ni siku ya wanawake katika harusi zetu za Mombasa. Wanaume wamekwisha kufunga nikahi msikitini, wamekula biriani yao, wameondoka. Wanawake huingia ukumbini, mlango hufungwa, mabuibui huvuliwa, na hapo ndipo unapojua fulani ana nywele mpaka kiunoni na fulani ana gauni linalomnyima pumzi. Bibi harusi huketishwa jukwaani amepambwa, naye huangaliwa mpaka macho ya watu yatosheke. Mwanamume haingii hata kubeba spika. Kwa hiyo anayepiga picha ni mwanamke, anayezihariri ni mwanamke, na kaseti hutoka mkononi mwa mwanamke kwenda mkononi mwa mwanamke. Mwanamke huyo nilikuwa mimi, kwa sababu hakutokea mwingine aliyekubali kubeba kamera ya bega yenye uzito wa mbuzi aliyeshiba.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikifunzwa na Bi Shamsa wa mtaa wetu wa Kuze, aliyekuwa akipiga picha za kawaida za harusi tangu mimi niko chuoni nasoma alifu na bee. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi kamera, akanionyesha kitufe chekundu, akaenda kunywa kahawa. Kitufe kile ukikibonyeza mara moja kinaanza, ukikibonyeza tena kinasimama. Mimi niliingia na hesabu ya kinyume. Nilipodhani napiga nilikuwa nimesimamisha, na nilipodhani nimesimamisha nilikuwa napiga. Tulipoitazama kaseti tulikuta harusi nzima ya sakafu, miguu ya meza na viatu vikipita. Nilitaka ardhi inimeze. Bi Shamsa alitazama mpaka mwisho, akasema, "Viatu vimetoka vizuri." Akaipeleka hivyo hivyo kwa wenyewe, nao wakashukuru, maana viatu vilikuwa vimetoka Dubai na hakuna mtu ukumbini aliyekuwa ameviangalia ipasavyo.

Bi Shamsa hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Usimpige mtu anakula. Usimpige mtu analia mpaka ujue analia nini. Ukifika kwa bibi harusi anza na mikono, kwa sababu waliomtia hina wamepinda migongo kwa ajili yake na wanataka kuona. Dhahabu ipige kwa mbali. Hilo la mwisho nililidhani ni la kuepuka mng'aro wa taa, na kwa miaka kadhaa nikawaeleza watu hivyo kwa sauti ya ujuzi.

Kuhariri siku hizo kulikuwa mashine mbili za kaseti na vidole. Huku unacheza, huku unarekodi, na kati yao umeinama na dole gumba juu ya kitufe, unangoja shangazi wa tatu amalize kupiga chapuo ili umkate. Kila nakala ilikuwa hafifu kuliko mama yake. Katika nakala ya nakala ya nakala, ile iliyofika kwa jamaa wa Muscat, bibi harusi alitambulika kwa mahali alipoketi. Wala hakuna aliyelalamika. Kaseti ilimpaka kila mtu ukungu mmoja, mwenye chunusi na asiye nazo, mwenye hariri na mwenye nailoni, na watu wakaishi kwa amani.

Kisha, karibu na mwisho wa miaka ile, zikaja sidii. Ghafla hapana aliyetaka kaseti. Mtu aliyekuwa hana hata televisheni alikuja dukani akidai harusi yake iwe ya sidii, "kama ya Dubai". Nikanunua kompyuta iliyokwisha tumika, pamoja na kadi ya kuingizia picha na boksi lenye programu ya kuhariri filamu za nyumbani. Juu ya boksi palikuwa na picha ya baba, mama na mbwa wakicheka ufukweni. Nilipaswa kujua hapo hapo kwamba waliotengeneza programu ile hawakuwahi kualikwa kupamba.

Sasa nieleze jambo la kiufundi, na nyinyi mnaojua mnisamehe. Picha ikiingia kwenye kompyuta huwa kubwa mno, haitoshei sidii. Lazima ibanwe. Programu inayoibana nyinyi mwaiita enkoda. Sisi dukani tuliiita kinu, kwa sababu picha iliingia nzima ikatoka imetwangwa. Programu yangu ya kuhariri ilikuja na kinu chake ndani, na kinu kile kilikuwa na aibu mbili.

Aibu ya kwanza, kilitwanga vibaya. Mtu akikaa kimya, picha ilikuwa safi. Akitikisika, au akivaa kitu kinachometa, uso na nguo vilivunjika vikawa miraba mikubwa, kama vigae vya bafu. Nanyi mwajua kupamba ni kutikisika na kumeta tangu mwanzo hadi mwisho. Aibu ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kinu kilipokuwa kikitwanga, kilionyesha kila picha kwenye kioo, moja moja, polepole, kutwa nzima, na hapakuwa na namna ya kukikataza. Yaani mwanamke wa watu aliyevua buibui akiamini mlango umefungwa, alikaa kwenye kioo cha kompyuta yangu akicheza kwa mwendo wa konokono, huku msoma mita akipiga hodi. Nilitundika leso juu ya kioo, nikafunga mlango, na hata hivyo nilikuwa nikitoka dukani narudi kutazama kama leso imeanguka. Stima ikikatika, kazi ilianza upya. Sidii zilizoharibika nilizikwaruza kwa msumari pande zote kabla ya kuwapa wauza matunda wa Marikiti, waliozining'iniza kufukuza nzi.

Fundi wangu alikuwa Katana, Mkristo wa Rabai, aliyekuwa akitengeneza kompyuta katika ofisi moja ya kusafirisha mizigo na Jumamosi akija kwangu. Alikuwa na haya kuliko wanaume wengi walionihubiria haya. Mlangoni alikuwa akisimama, akauliza, "Bi Zena, kioo kimevaa?" Nikimjibu kimevaa, ndipo aingie.

Ni yeye aliyenieleza kwamba si lazima kutumia kinu kilichokuja na programu. Kuna vinu vingine, alisema, vilivyotengenezwa na watu wasiouza programu za mbwa na ufukwe, na ofisini kwao kijana mmoja alikuwa nacho kimoja kwenye sidii. Tatizo ni kwamba programu yangu haikutaka kuzungumza na kinu cha mgeni. Ilibidi harusi ikatwe vipande. Kila kipande kitolewe kikiwa kikubwa vilevile bila kubanwa, kijaze kompyuta mpaka koo, kisha kinu kipya kikitwange, kile kikubwa kifutwe, tushike kingine. Mwisho vipande viungwe. Kazi ya punda, lakini kazi.

Siku ya kukiweka kinu hicho sitaisahau. Kila tulipofungua kipande cha kujaribu, kioo kilijaa wanawake. Basi Katana alikaa kwenye mkeka nyuma ya kompyuta, mgongo ukutani, kibodi mapajani, na mimi nikakaa mbele ndani ya leso kama mpiga picha wa zamani, nikimsomea.

"Yasema nini sasa, Bi Zena?"

"Yauliza kama nna hakika."

"Hakika ya nini?"

"Haikusema."

"Hiyo ni kompyuta kweli. Bonyeza ndiyo."

Nikabonyeza. Kinu kikatwanga. Na kwenye pembe ya kioo nikaona kijisanduku kidogo chenye maneno ya kuficha picha wakati wa kazi. Nilikitia alama, wanawake wote wakatoweka, ukabaki mstari mmoja wa buluu ukitambaa kwenda kulia. Niliondoa leso. Katana alifumba macho kwa mazoea. Nilimwambia afumbue, nikalia kidogo, sioni haya kusema. Mtu aliyetengeneza kijisanduku kile, popote alipo, sijui dini yake, lakini alikuwa amelelewa.

Palibaki swali moja. "Nitajuaje kama picha yatoka safi," aliuliza Katana, "nami siruhusiwi kuitazama?" Nilimpa kamera nikamtuma Marikiti apige mananasi. Nanasi lina macho mengi, lina rangi ya dhahabu, na halina mume wa kulionea wivu. Kwa kinu cha kwanza nanasi lilitoka kama tofali la manjano. Kwa kinu cha pili uliona kila jicho, kila mwiba, na nzi aliyetua juu yake ulimjua kama ni dume. Tulirekebisha kinu kwa mananasi mpaka Katana akaridhika. Kisha, kwa kiburi ambacho fundi yeyote ataelewa, nilitia sidii ya mananasi kwenye televisheni ya dirishani, watu wapitao waone. Kuze nzima ikaja kutazama nanasi. Wazee wenye heshima zao, waliokuwa wamepita mananasi halisi Marikiti asubuhi hiyo bila kugeuka, walisimama kichochoroni wakisema subhanallah.

Miongoni mwa waliosimama alikuwa Bi Fatma wa Bondeni, mtaa wa jirani. Bi Fatma alikuwa mama wa watoto wa kiume watupu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na ndani kwake mlikuwa na mashine ya sidii yenye rimoti. Mwanawe mkubwa alikuwa akimwoa Rahma, binti wa Bi Nuru, mjane wa hapa hapa Kuze aliyekuwa akishona kofia za vito kwa mkono. Bi Fatma aliingia dukani bila hodi.

"Ile ni video?"

"Video, Bi Fatma."

"Basi harusi yetu uitie kinu hicho. Nataka mkwe wangu aonekane kama nanasi lile."

Nilimwahidi. Nilimwahidi yeye, na nikawaambia wengine ishirini kwamba nimemwahidi, na kabla ya harusi hapakuwa na mtu kati ya Kuze na Bondeni asiyejua kwamba kwa Bi Zena sasa wataonekana mpaka nyuzi za leso. Sifa za duka langu zote nilizipandisha juu ya kichwa cha Rahma.

Siku ya kupamba ilikwenda kama zinavyokwenda. Viti havikutosha, taa zilipika watu, mtoto mmoja alipotea akapatikana chini ya jukwaa anakula halwa. Rahma aliletwa, akaketishwa. Nikaanza na mikono, nikapanda. Naye, kwa haki, alikuwa mzuri wa kukusahaulisha unachofanya, na nadhani nilikisahau, kwa sababu nilimsogelea na kamera na nikakaa hapo.

Nilipotwanga kipande kile dukani na kukifungua ndipo nilipokiona kidani. Kilikuwa kidani kizito cha dhahabu, cha majani yaliyopangwa mfuatano, na jani la katikati limepinda. Nilikijua. Kilikuwa cha Bi Maryamu, jirani yetu mwenye mali na roho ya kutoa, aliyekuwa akimwazima kila binti asiye na cha kuvaa, wa Kuze na wa Bondeni. Kuazima dhahabu kwa harusi hapa kwetu si kosa wala si ajabu. Huja kimefungwa kwenye kitambaa, hurudi kimefungwa kwenye kitambaa, na hakuna anayesema. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekipiga kwenye shingo za mabibi harusi nisiowakumbuka idadi. Kwenye kaseti kilikuwa ni mwanga wa manjano. Kwenye kinu cha kwanza kilikuwa miraba ya manjano. Sasa kilikuwa kidani cha Bi Maryamu, jani kwa jani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Bi Shamsa alisema dhahabu ipigwe kwa mbali.

Lingekuwa jambo dogo kama si neno moja. Siku ya posa, wanawake wa Bondeni walikuwa wamemwuliza Bi Nuru kama binti ana dhahabu ya kwao, naye, mjane mwenye sindano na uzi, alijibu kwamba kuna kidani alichoachiwa na marehemu babake. Sasa sidii hii ingetiwa kwenye mashine ya Bi Fatma, mbele ya mashangazi na mawifi, ambao nusu yao walikuwa wamewahi kukivaa kidani kile. Ukumbini walikiona kwa mbali, kikimeta na kupita, lakini rimoti ile ilikuwa na kitufe cha kusimamisha. Kaseti ukiisimamisha ilitetemeka na kujifuta. Sidii ilisimama kimya, wazi, mpaka umalize kuhesabu majani.

Nilimwita Bi Nuru. Alikuja na kofia aliyokuwa akiishona, akaketi mbele ya kioo. Alipomwona Rahma aliweka kofia chini.

"Huyu ni mwanangu?" akasema. "Zena, huyu ni mwanangu mimi?"

Nilimwacha amtazame. Baadaye nikaona mkono wake umekwenda kwenye shingo yake mwenyewe.

"Kifunike," akasema.

"Nikifunike na nini, Bi Nuru? Kimo shingoni mwake."

"Basi kikate."

"Nikikata hapo, hapana kupamba. Itakuwa harusi ya wageni na sambusa."

Nilimweleza habari za duka, kwamba nimeahidi, kwamba Bondeni wanangoja nanasi. Nilizungumza sana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi nilisema uongo kwa ajili yake," akasema. "Kama ungekuwa wangu peke yangu, ningeubeba. Lakini yeye ndiye aliye kwenye nyumba ile. Kila akitia chumvi nyingi wataambizana, ndio hao, wa kidani. Mimi n'takufa, Zena. Yeye atabaki nao."

Duka likanitoka mawazoni. Jumamosi Katana alipokuja nilimwambia kipande cha bibi harusi akiwa ameketi tukitwange upya, kwa kinu cha kwanza.

"Bi Zena," akasema, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akipandisha sauti, "nimekaa na mananasi majuma mangapi kuondoa miraba ile? Sasa mwataka niirudishe?"

"Irudishe."

"Harusi yote?"

"Akiwa ameketi tu. Kwingine yuko mbali."

Alinitazama, akatazama leso, akajua kuna jambo upande wa pili wa leso lisilomhusu. Akafanya. Alifanya vizuri hata maungio hayakuonekana. Unatazama ukumbi safi, maua safi, wageni safi. Bibi harusi anaketi, miraba inaanza. Anaondoka, usafi unarudi. Lakini kinu hakichagui. Ukikiambia kiharibu kidani, kitaharibu na shingo, na uso ulio juu ya shingo. Rahma wetu alitoka kama ukuta wa bafu uliopakwa wanja. Ile sidii ya kwanza, ya wazi, Bi Nuru aliomba nisiivunje. Kwake hakuna mashine ya kuichezea, kwa hiyo niliifungia kabatini dukani.

Habari za Bondeni zilinifikia kabla Bi Fatma hajanifikia. Kila kitu kilionekana, waliniambia. Shangazi aliyesinzia alionekana, na aliyefunga sambusa tatu kwenye leso alionekana, na palizuka ugomvi kuhusu hilo. Bibi harusi peke yake hakuonekana. Mmoja akasema ni mashine imeona haya. Mwingine akasema si mashine, ni Bi Nuru amemwekea mwanawe kinga ya hasidi, na kinga imefanya kazi mpaka kwenye sidii. Akataka kujua ameipata kwa nani. Kabla ya wiki kwisha nilipata wateja wapya wanaotaka miraba. Mama mmoja alitaka miraba kwenye meza ya chakula, kwa sababu ilikuwa haikujaa. Mwingine alileta jina la wifi yake na kuuliza kama naweza kumtwanga yeye tu. Ndipo majina yakaja yenyewe: kinu cha wazi na kinu cha stara. Wengi, baada ya kuulizia cha wazi kwa sauti, walininong'oneza kwamba wanataka cha stara.

Bi Fatma alikuja siku ya saba au ya nane. Safari hii alipiga hodi, nami nikaogopa zaidi. Alifunga mlango nyuma yake.

"Bi Zena, kulikoni?"

"Stima, Bi Fatma. Ilikatika kati ya kazi."

"Stima ikakatika usoni mwa mkwe wangu peke yake?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu moja tu.

Alivuta kiti akaketi. "Ni kidani, sivyo?" Nilitazama chini. "Kidani cha Maryamu. Ewe mwanamke, nilikijua mwana alipotia mguu ukumbini, uso ungali ndani ya shela. Nani hakijui? Nimekivaa mimi, kakivaa dadangu, kakivaa yule mpwa wangu uliyempiga wewe mwenyewe."

"Lakini mulimwuliza Bi Nuru. Siku ya posa."

"Si mimi, ni mawifi zangu. Nao wakijua. Mtu huulizwa ili apate kujibu, na akijibu yamekwisha, twanywa chai. Ungependa tumwulize una nini, aseme sina?"

Nilisema, na nilikuwa nimekasirika kweli, kwa ajili ya majuma ya Katana na sifa za duka langu na usingizi wa Bi Nuru: "Basi mbona ulitaka iwe wazi? Ulikuja hapa ukataka nanasi!"

"Nilitaka uso!" Sauti yake ya ng'ambo ya barabara ilirudi, kisha ikashuka. "Wajua nilikuwa wapi yeye alipoketi? Mlangoni. Wageni wetu walizidi viti, na kila mmoja yuwataka cha mbele. Nilipomaliza kuketisha watu, mwana keshaondolewa. Nimezaa wanaume watupu, Zena. Nimengoja binti miaka yote hiyo, na siku aliyopambwa nilikuwa nabeba viti."

"Si yuko kwako, Bi Fatma? Si wamwona kila siku?"

"Uso wa kuosha vyombo nauona kila siku. Ule wa siku ile sikuuona, nanyi mumenitilia vigae."

Sidii ya wazi ilikuwa kabatini, hatua chache kutoka alipoketi. Lakini haikuwa yangu ya kutoa. Nilimwacha hapo nikavuka kichochoro kwenda kumwita Bi Nuru. Nilimwambia tu kwamba Bi Fatma yuko dukani, na uso ulimshuka. Alivaa buibui lake la kutokea kama mtu anayeitwa barazani kwa kadhi.

Waliamkiana, wakaulizana hali, na watu wa nyumbani, na afya, na hali tena. Nilimwuliza Bi Nuru kwa macho, akaitika kwa kichwa, nadhani kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Nikateremsha pazia, nikatia sidii kwenye mashine ya dukani, nikaisogeza mbele mpaka Rahma anapoketi. Akaonekana. Bi Fatma alishika rimoti, akasimamisha picha, na kidani cha Bi Maryamu kikatulia kwenye kioo, jani lililopinda katikati.

Bi Nuru alivuta pumzi. "Bi Fatma," akaanza, "kidani hiki, mimi nilisema ni cha..."

Bi Fatma hakugeuka. Alikuwa ameinama mbele, mkono mmoja mdomoni, macho yake juu kabisa ya pale tulipokuwa tukitazama sisi.

"Nyamaza, bibi," akasema. "Namtazama mwanangu."